Waapache katika Chumba cha Eda

Nyumba ya eda ina harufu yake, na harufu hiyo ni kukosekana kwa udi. Juzi niliingia nyumba moja hapa Ibra kumpa pole mama aliyefiwa na mumewe. Nikavua viatu mlangoni, nikavuta pumzi, na pua yangu ikatafuta udi isiupate. Palikuwa na kahawa, iliki, sabuni ya kufulia na zulia lililoanikwa juani, basi. Waliokaa walikuwa na nyuso za msiba na mimi nilivaa wangu, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilisikia farasi. Nilisikia bunduki zikilia mlimani na wanawake wazima wakigombana nani ashuke na nani abaki. Ilibidi niinamishe kichwa wasione ninavyotabasamu.

Sisi tulichelewa kurudi Omani. Ninyi wenzangu wa rika langu wengi mlizaliwa huku, au mliletwa mkiwa mgongoni. Mimi nililetwa nikiwa msichana mkubwa, nikiwa na Kiswahili cha Mwanza, Kiingereza kizuri cha shule niliyoacha kule, na Kiarabu cha kusalia tu. Shuleni Ibra wakanirudisha nyuma, nikakaa na watoto wadogo kwenye dawati ambalo magoti yangu hayakuingia. Nikiulizwa kitu nilijibu kwa vidole. Nilikuwa na hasira za kutosha kuchemshia chai, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuwa na nafasi ya kuzisikiliza.

Aliyezisikiliza alikuwa shangazi yangu Zuwena, dada yake baba. Yeye alikuja Omani miaka mingi kabla yetu, akaolewa na Nasser, dereva wa gari la maji, na nyumba yao ilishikana ukuta na yetu. Hawakujaaliwa watoto. Shangazi alikuwa na mahali pake kwenye soko la wanawake la Jumatano, lile ambalo asubuhi yake mwanamume hakanyagi. Aliuza wanja, hina, na nyuzi za kushonea kofia. Ami Nasser alikuwa akimshushia mizigo kando ya barabara, kisha anaondoka haraka asije akachekwa. Jioni shangazi alinisimulia soko zima, nani kampunja nani, huku akiigiza sauti, na mimi nikacheka kama nilivyokuwa nikicheka Mwanza.

Halafu Ami Nasser akafariki, ghafla, na shangazi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajifukizi, hapaki wanja wala hina. Shangazi alikaa kwenye godoro karibu na ukuta akawa anasema yale ya lazima tu: nipeni maji, adhana imetoka? Kaka mkubwa wa baba na shangazi, Ami Seif, akaja kutoka Maskati siku ya msiba na akatangaza mbele ya watu kwamba eda ikiisha atamchukua dada yake akaishi kwake. Chumba kiko tayari, kina choo chake. Mwanamke peke yake, bila mtoto, Ibra, haiwezekani. Watu wote wakamshukuru Mungu kwa kaka wa namna hiyo. Na kweli alikuwa kaka mwema, kila wiki alituma nyama na matunda. Mimi nilitaka kumng'ata, maana Maskati kwangu ilikuwa mbali sawasawa na Mwanza.

Mama akawa ananituma kila alasiri nikae na shangazi asikae mpweke. Sikujua mtu aliyefiwa anaambiwa nini. Siku moja nikaenda na kitabu, angalau macho yangu yapate pa kukaa. Kilikuwa riwaya ya vijana aliyonipa mwalimu wangu siku ya kuagana, ya zama za vita vya Waapache, wale watu wa milima mikavu kusini mwa Marekani ambao majeshi ya nchi mbili yaliwawinda mpaka wakabaki wachache. Jaladani palikuwa na msichana amesimama kwenye jabali jekundu, ameshika hatamu za farasi. Nilikuwa nimeshakisoma nusu, nikakiacha kwa sababu ya masomo ya Kiarabu.

Shangazi akaniuliza kinasema nini. Nikaanza kumtafsiria, kwa kusitasita, ukurasa mmoja. Jina la yule msichana lilinishinda, lilikuwa na kama chafya katikati, nikamwita Moza. Moza alikuwa akichunga farasi wa baba yake pale alipoona vumbi bondeni, na vumbi halikuwa la upepo. Nikafunga kitabu ninyooshe miguu. Shangazi akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Vumbi la nani?" akauliza.

Ilianzia hapo. Kesho yake Bibi Shinuna akatukuta tunasoma. Huyu alikuwa jirani, mzee wa Unguja mjini, mwenye Kiswahili cha kutandikiwa zulia, na alikuja kila siku na birika lake kwa sababu hakuiamini kahawa ya mtu mwingine. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akataka kujua hao Waapache ni kina nani hasa. Nikamwambia ni kabila. Akaniuliza, "Hinawi au Ghafiri?" Hayo ndiyo makundi mawili ya makabila ya Omani tangu enzi za vita vyao, na kwa Bibi Shinuna hapakuwa na kabila duniani lisilokuwa upande mmojawapo. Nilipitisha macho kitabuni nikitafuta jibu, wallahi nililitafuta.

Msije mkamcheka peke yake. Kila nilipokuta bonde la mawe nilisema wadi, kila nilipokuta mkubwa wa kabila nilisema sheikh, na ngome ya askari sote tuliiona ni ile kongwe ya hapa mjini. Tulipofika pale mama yake Moza na wenzake wanachimba shimo, wanawasha moto ndani, wanapanga mioyo ya mkonge mwitu, wanafukia na kuacha ive polepole chini ya udongo, chumba kizima kiliruka, maana hivyo ndivyo nyama ya Idi inavyofukiwa hapa. Shuwa! Wanapika shuwa! Mama yangu, aliyejifanya amekuja kuchukua sufuria, akakaa. Bibi Shinuna akasema sasa ameridhika, hao ni watu wa Sharqiya, mkoa wetu huu, wakubali wasikubali. Mimi mwenyewe nikaanza kuitazama milima ya upande wa Wadi Bani Khalid kwa jicho jingine. Tulipopita njia ile na baba nilibana pua kwenye kioo nikitafuta moshi.

Habari zikatembea. Wanawake waliokwishatoa pole zao walirudi kutoa pole tena, wakiwa na vitumbua na tende, wakakaa wakaniangalia mdomo. Nilifika kutoka shule nikakuta viatu vimejaa mlangoni na mioyo juu, na mimi, wa kujibu kwa vidole, ndiye niliyesubiriwa. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa na ngurumo ya lori. Basi kila vita vilipokaribia shangazi aliamuru kizimwe tusikie vizuri, tukalowa jasho sote, kapteni wa ile ngome na askari wake wakipanda upande huu wa mlima na Moza akitambaa upande wa pili na mdogo wake mgongoni. Nilijifunza kupunguza sauti mpaka wanisogelee, halafu niifyatue. Hakuna raha niliyoipata baadaye maishani iliyoipita ile, na nimeolewa na kuzaa.

Baba yake Moza alipouawa niliogopa kusoma. Nikamwangalia shangazi, akanipungia mkono niendelee. Mama yake Moza akakata nywele zake. Wakachoma nyumba yao ya matawi na vitu vyote vya marehemu, wakahama, na kuanzia siku ile hakuna aliyelitamka jina lake, kwani kwao jina la aliyekufa halitajwi. Wanawake wakaanza kujadili, huyu akisema ni haramu, yule akisema kila watu na dini yao.

"Mie nataka kulitaja," shangazi akasema. "Kila mtu humu ndani anasema marehemu, marehemu. Ana jina. Nasser."

Akalia vizuri, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Bibi Shinuna akamshika kichwa akakiweka pajani. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Lakini jioni ile shangazi alikula sahani nzima ya wali, na kesho yake aliniuliza mlangoni, kabla sijavua viatu, kama Moza amepata maji.

Sasa niwaambie habari za kaka yake Moza, kwa sababu huyo ndiye aliyekivunja chumba vipande viwili. Alikuwa kijana hodari aliyechoka kukimbia. Akaenda kwa askari, wakampa koti na mshahara, akawa kiongozi wao wa njia. Yeye ndiye aliyejua Moza na wenzake wamejificha wapi, na alikuwa anawaleta askari mlimani. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini wakishuka watapata chakula, wataishi. Na chini ya mlima, kwenye stesheni, treni ilikuwa inawangoja kuwapeleka pwani ya mbali.

Shangazi alisema Moza asishuke hata afe kwa kiu. Bibi Shinuna alisema ashuke, uhai kwanza, mengine baadaye. Walibishana siku baada ya siku, na kila mmoja ana watu wake. Wakati fulani vikombe viligongwa chini. Shangazi akasema mtu akishang'olewa hapandwi tena, na Bibi Shinuna akamuuliza yeye amejuaje. Mimi nilichekelea. Nilidhani ni kitabu changu kinachowachemsha damu hivyo, nikajiona bingwa wa kusoma, na usiku nilimhesabia mama nani alikuwa upande wa nani. Mama alinitazama tu akaendelea kukunja nguo.

Alasiri moja wengine walikuwa wameshaondoka. Bibi Shinuna alikuwa anasuuza vikombe vyake, akasema bila kugeuka:

"Mie nlipanda chombo nikaiacha Unguja kwa kuwa nyuma yangu mlikuwa na moto, Zuwena. Moza naye nyuma yake mna moto. Wewe, mwanangu, nyuma yako mna nini?"

Nilifikiri labda shangazi hakusikia, nikataka kumrudilia swali. Kisha nikaona haliingiliani na hadithi, nikaliacha.

Tangu siku ile shangazi akaanza kunipunguza mwendo. Leo kurasa mbili, inatosha. Kesho moja. Wanawake walilalamika, mimi nikaona anataka utamu usiishe. Niliapa kutosoma mbele peke yangu, na kiapo kile kilinitesa kuliko saumu. Nililala na kitabu chini ya mto na treni ikipiga honi kichwani.

Siku ya shangazi kutoka eda ikafika huku imebaki sura moja. Asubuhi wanawake walimwosha, wakamvisha kanzu mpya ya kijani, wakamtia hina na wanja, na udi ukawashwa kwa mara ya kwanza mpaka macho yakatutoka machozi. Alikuwa mzuri jamani. Nilikuwa nimesahau. Ukumbini palikuwa na masanduku mawili, kubwa na dogo, na nilipoyaona nikajua anaondoka. Muda si mrefu pikapu ya Ami Seif ikasimama nje. Dereva wake akaja akayabeba yote mawili bila kuuliza, akayapakia.

Ami Seif akapiga hodi kwa nguvu ili wanawake wajistiri, kisha akasimama kizingitini na kilemba chake na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Akamwambia dada yake yalla, watoke kabla jua halijawa kali, watoto Maskati wanamsubiri, mkewe ameshapika.

"Karibu kahawa, kaka," shangazi akasema. "Mtoto hajamaliza hadithi."

Hakuna Mwomani anayekataa kahawa mlangoni. Akakaa palepale kwenye kizingiti, akapewa tende na kikombe, na shangazi akanitazama. Kiyoyozi kikazimwa. Nikafungua sura ya mwisho.

Kaka yake Moza alipanda mlima peke yake, bila bunduki. Akakaa mbele ya dada yake. Akamwambia vita vimekwisha, askari wametoa ahadi yao. Huko wanakokwenda kuna nyumba, kuna mablanketi, kuna nyama. Ni kwa muda tu, watarudi. Moza alikuwa anatazama farasi wake. Ami Seif akamuuliza Bibi Shinuna kwa sauti ya chini Moza ni nani, ni wa nyumba ipi, na Bibi Shinuna, bila kuondoa macho kwangu, akammwagia kisa chote: baba aliyeuawa, mdogo wake wa mgongoni, jinsi msichana yule alivyozijua chemchemi zote za milima ile. Kikombe cha Ami Seif kikajazwa tena. Nikasoma walivyoshuka kwa mstari mmoja, jinsi bibi yake Moza alivyogusa kila jabali alilolipita. Nikasoma stesheni. Moza akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa, akageuka, na mtu nyuma akamsukuma. Akapanda. Dirishani aliiangalia milima yake ikipungua, ikapungua, mpaka ikabaki mstari, na mwandishi akasema hakuiona tena.

Nilitaka kukitupa kile kitabu ukutani. Wanawake walikuwa wakijifuta kwa ncha za shela.

"Lakini huyo kaka," Ami Seif akasema, "yeye alimuuliza dada yake kama anataka kwenda?"

Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikapitisha kidole kwenye kila mstari.

"Hapana, ami. Hakumuuliza."

"Kaka gani huyo?" Alikuwa amekasirika kweli, mshipa umesimama kwenye paji la uso. "Anamjua dada yake ni mtu wa mlimani, anamwambia habari za mablanketi. Kaka gani?"

Nakumbuka mlio wa kijiko kilichoteleza kwenye sahani, na Bibi Shinuna akitazama dari.

"Kaka mwema," shangazi akasema. "Alimpenda sana, alimwekea na chumba. Ila hakumuuliza." Akavuta pumzi. "Na mie hukuniuliza, Seif."

Ndipo nikaelewa. Miezi yote ile, kelele zote zile, na mimi msomaji, bingwa wa Kiingereza, nilikuwa wa mwisho chumbani kujua tulikuwa tunasoma habari za nani. Nilimwangalia mama, mama akaniangalia mimi, akatikisa kichwa kidogo kunionya nisiseme neno.

Ami Seif akakitikisa kikombe chake, kama mtu anavyokitikisa akiwa ametosheka na kahawa, akakirudisha kwa Bibi Shinuna, akainuka akatoka nje bila kuaga. Tukasikia mlango wa pikapu ukibamizwa. Nikasema basi, ameudhika, anaondoka na vitu vyake vyote, atakuja kumchukua kwa nguvu siku nyingine. Hakuna aliyethubutu kwenda dirishani.

Akarudi amebeba sanduku kila mkono, dereva akimfuata nyuma mikono mitupu. Jasho lilimtoka kwenye kilemba. Aliliinua lile kubwa kidogo, akalipima, akalitikisa, akamtazama dada yake.

"Hili mbona jepesi hivi?"

"Halina kitu," shangazi akasema. "Liweke popote. Hilo dogo niwekee hapo karibu na mlango, taratibu usivunje. Lina wanja na hina za Jumatano."